Skripti ya .bat inapokataa: amri ndefu kupita kiasi na alama za nukuu zilizokosewa

"Kaka, nakala ya mwezi huu haimo kwenye diski." Ndivyo mhasibu wa duka moja la vifaa vya ujenzi alivyonipigia asubuhi ya tarehe mosi. Skripti ya .bat niliyomwandikia, yaani faili ya maandishi yenye amri za Windows, ilikuwa imefanya kazi miezi mingi bila kuguswa. Ilikusanya ankara zote za PDF za mwezi, ikazifunga kwenye zip moja, ikaiweka kwenye diski ya nje. Mwezi ule biashara ilichangamka, ankara zikawa nyingi kuliko kawaida, na dirisha jeusi likafunguka na kujifunga kabla hajasoma neno hata moja.

Hakuna aliyeharibu kitu. Skripti ilikuwa na ukuta mbele yake tangu siku ya kwanza, ila haikuwahi kuufikia. Tangu hapo, kila skripti ya .bat inayoletwa kwangu ikiwa imegoma, naanza kwa kutafuta mambo mawili: urefu wa amri na alama za nukuu. Mara nyingi yanakuja pamoja, moja likijificha nyuma ya jingine.

Kabla ya hatua yoyote, shika hili. Mstari uliouandika wewe husomwa mara mbili, na wasomaji wawili tofauti. Kwanza cmd.exe, programu ya Windows inayoendesha amri hizo: inabadilisha vigeu (majina yanayobeba thamani) kama %PATH% kuwa thamani zake, inatafuta alama kama & na | na mabano, kisha inaita programu. Halafu programu yenyewe inapokea mstari uliobaki na kuukata vipande kwa kanuni zake. Makosa ya nukuu karibu yote yanatokea pale mmoja wa wasomaji hawa anapoona kitu ambacho hukukusudia akione.

Hatua ya 1: Lilazimishe kosa likae mbele yako

Usibofye skripti mara mbili. Fungua dirisha la cmd, nenda kwenye folda husika, uandike jina la skripti humo. Ikifa, ujumbe unabaki kwenye skrini. Kisha fungua skripti kwa Notepad na uizime kwa muda ile `@echo off` ya juu kwa kuiwekea `rem` mbele:

```
rem @echo off
```

Sasa cmd itaonyesha kila mstari baada ya vigeu kubadilishwa, na huo ndio mstari wa kweli. Ikiwa maandishi ni mengi, yapeleke kwenye faili uyasome kwa utulivu:

```
nakala.bat > ripoti.txt 2>&1
```

Ile `2>&1` ndiyo inayoyaingiza makosa kwenye ripoti. Ukiisahau, ripoti itakuwa safi na wewe utabaki gizani.

Hatua ya 2: Soma ujumbe neno kwa neno

Ujumbe wa cmd ni mfupi lakini unasema kweli. `The command line is too long.` na `The input line is too long.` zote ni za urefu, na hapo usihangaike na nukuu kwanza. `The filename or extension is too long.` ina sura mbili: huenda njia ya faili moja imezidi kikomo cha herufi 260, au programu imejaribu kuita programu nyingine kwa amri iliyopita uwezo wa Windows. Watumiaji wa Java wanaujua sana, kwa sababu huko huja ukiwa na namba 206.

`'C:\Program' is not recognized as an internal or external command` maana yake nukuu zimekosekana, au zimevuliwa njiani, na cmd imekata njia kwenye nafasi iliyopo kati ya Program na Files. Ukiona `was unexpected at this time.` ikiwa na kipande cha ajabu mbele yake, mara nyingi `\` na neno fulani, tafuta mabano yaliyofungwa mapema. Nitayarudia hapo chini.

Hatua ya 3: Pima urefu

Vikomo viko hivi. cmd.exe, tangu Windows XP, haipokei mstari unaozidi herufi 8191. Windows yenyewe, inapoanzisha programu, inakubali hadi herufi 32,767. Kwa hiyo ukuta wa kwanza ni wa cmd, na ni mfupi mara nne kuliko ule wa pili.

Sasa tazama kilichotokea kwa yule mhasibu. Skripti, iliyotumia programu ya 7-Zip kufunga zip, ilikuwa hivi:

```
setlocal EnableDelayedExpansion
set "ORODHA="
for /r "D:\Ankara za Wateja\2023-11" %%F in (*.pdf) do set "ORODHA=!ORODHA! "%%F""
"C:\Program Files\7-Zip\7z.exe" a "E:\Nakala\ankara.zip" %ORODHA%
```

Faili moja ni `D:\Ankara za Wateja\2023-11\Saruji & Mabati\ankara-000123.pdf`. Hesabu: herufi 61. Ongeza nukuu mbili na nafasi moja, zinakuwa 64. Sehemu ya mwanzo ya amri, yaani programu pamoja na jina la zip, ni herufi 56. Toa 56 kwenye 8191, gawanya kwa 64: zinatoshea ankara 127. Ya 128 inavunja kila kitu. Miezi yote ya nyuma duka halikuwahi kufika hapo.

Ukitaka kupima kigeu chako bila kuhesabu kwa kidole, weka mstari huu kwenye skripti kabla ya amri inayogoma:

```
powershell -NoProfile -Command "$env:ORODHA.Length"
```

Ikileta namba inayokaribia elfu nane, umempata.

Watu wengi hapa hukimbilia alama ya kofia, `^`, wanagawa amri kwenye mistari kumi wakidhani wameifupisha. Haisaidii kabisa. cmd inaiunganisha mistari hiyo kabla ya kupima. Kofia ni kwa ajili ya macho yako tu, na hata hapo ina mtego wake: ikifuatwa na nafasi moja tu mwishoni mwa mstari, muunganiko unavunjika na huwezi kuiona nafasi hiyo kwa macho.

Hatua ya 4: Ondoa orodha kwenye amri

Swali la kwanza: je, unahitaji orodha kweli? Kwenye Linux, kinyota `*` hufunuliwa na sheli (msomaji wa amri wa huko) kabla programu haijaitwa. cmd haifanyi hivyo. Inampelekea mhusika kinyota kama kilivyo. Maana yake programu inayojua kutafuta faili yenyewe inaweza kupewa amri fupi sana. Tatizo la mhasibu liliisha kwa mstari mmoja, na ile kitanzi ya `for` nikaifuta yote:

```
"C:\Program Files\7-Zip\7z.exe" a "E:\Nakala\ankara.zip" "D:\Ankara za Wateja\2023-11\*.pdf" -r
```

Ziwe ankara 100 au 10,000, urefu ni uleule.

Pale ambapo lazima uchague faili, kwa mfano kuziacha rasimu, iandike orodha kwenye faili ya maandishi na uipe programu faili hiyo:

```
dir /b /s /a-d "D:\Ankara za Wateja\2023-11\*.pdf" | findstr /v /i "rasimu" > "%TEMP%\orodha.txt"
"C:\Program Files\7-Zip\7z.exe" a "E:\Nakala\ankara.zip" -spf2 @"%TEMP%\orodha.txt"
```

Ile `-spf2` inahifadhi njia za folda ndani ya zip bila herufi ya diski. Usipoiweka, ankara mbili zenye jina moja kutoka folda mbili tofauti zitagongana. Uzuri mwingine wa faili ya orodha ni kwamba kila jina linakaa kwenye mstari wake bila nukuu, kwa hiyo umetatua matatizo mawili kwa mkono mmoja. Tahadhari moja: 7-Zip huitarajia faili hiyo iwe ya UTF-8, namna mojawapo ya kuhifadhi herufi. Majina ya Kiswahili hayana alama juu ya herufi, hivyo hutaona tofauti, lakini majina ya Kifaransa au Kiarabu yakiwemo, anza skripti kwa `chcp 65001`, inayoiweka cmd kwenye UTF-8.

Mtindo huu wa `@faili` unajulikana na programu nyingi za waandishi wa programu: javac, gcc, cl na link za Microsoft, na java yenyewe kuanzia toleo la 9. Kwa wanaoandika Java, maktaba nyingi kwenye folda moja hazihitaji kutajwa mojamoja. `-cp "lib\*"` inatosha.

Kama programu haijui orodha wala kinyota, iite mara moja kwa kila faili:

```
for /f "usebackq delims=" %%F in ("%TEMP%\orodha.txt") do chombo.exe "%%F"
```

`delims=` inazuia jina lisikatwe kwenye nafasi, na `usebackq` inaiambia cmd kwamba kilichomo ndani ya nukuu ni jina la faili. Bila hiyo, itadhani ni maandishi ya kawaida na itafanya kazi mara moja tu, kwenye jina la orodha lenyewe.

Kuna wanaofupisha njia kwa `pushd` ili waandike majina matupu. Kwa ankara zetu, jina tupu, nukuu zake na nafasi moja ni herufi 20, na zingetoshea 406 badala ya 127. Hiyo ni kusogeza ukuta. Siku itafika. Naitumia `pushd` kwa sababu nyingine: inarahisisha nukuu, na inaweza kuipa folda ya mtandao herufi ya diski kwa muda.

Ikiwa kinachozidi ni njia ya faili moja, yaani zile 260, xcopy, amri ya kunakili faili, itakukatisha tamaa kwa ujumbe usioeleweka, `Insufficient memory`, huku kompyuta ina kumbukumbu tele. Tumia robocopy, inazibeba njia ndefu bila maneno.

Hatua ya 5: Angalia PATH inayonenepa

Kuna kosa la urefu ambalo huja na kuondoka, na linasumbua sana. Skripti inafanya kazi asubuhi, mchana inagoma, ukifungua dirisha jipya inapona. Sababu ni mstari kama huu:

```
set PATH=C:\Vifaa\bin;%PATH%
```

Kila ukiendesha skripti kwenye dirisha lilelile, PATH, yaani orodha ya folda ambamo Windows hutafuta programu, inaongezewa kipande kilekile tena. Baada ya mara kadhaa mstari unavuka 8191. Weka `setlocal` mwanzoni mwa skripti, na mabadiliko yote yatafutika skripti inapoisha.

Tafadhali usijaribu kulitibu kwa `setx PATH "%PATH%;..."`. setx inakata kila kitu baada ya herufi 1024, na inachanganya PATH ya mtumiaji na ya mfumo. Ukishaikata, programu zilizokuwa zikifanya kazi zinapotea moja baada ya nyingine, na kurudisha ilivyokuwa ni kazi ya siku nzima.

Hatua ya 6: Nukuu, moja baada ya nyingine

Anza na zile ambazo si nukuu kabisa. Skripti iliyopitia Word au kuandikwa kwenye simu huja na nukuu zilizopinda, “ ”. Kwa macho yetu ni sawa, kwa cmd ni herufi za kawaida tu. Fungua Notepad, zifute, uandike `"` upya kwa kibodi. Kagua pia vistari, kwani Word hurefusha `-` kuwa `–`.

Kisha kagua namna vigeu vinavyopewa thamani. Hii ndiyo sahihi, nukuu zikizunguka jina na thamani pamoja:

```
set "FOLDA=D:\Ankara za Wateja\2023-11\Saruji & Mabati"
```

Ukiandika `set FOLDA="D:\..."`, nukuu zinaingia ndani ya thamani. Baadaye ukiandika `"%FOLDA%"` unapata nukuu mbilimbili, na ile `&` inabaki uchi katikati. cmd inaiona `&` kama "maliza amri hii, anza nyingine", na unapata `'Mabati""' is not recognized as an internal or external command`. Nimewahi kumwona kijana akitafuta kwenye mtandao programu iitwayo Mabati. Hakukosea kusoma ujumbe. Hakujua tu kwamba jina la folda limegeuka kuwa amri. Na ukiacha nafasi, `set FOLDA = D:\...`, kigeu chako kinaitwa "FOLDA " chenye nafasi mwishoni, na `%FOLDA%` itakuwa tupu.

Kanuni yangu: thamani ikae bila nukuu, nukuu ziwekwe pale inapotumika, kila mara. Hivyo hivyo kwa vigezo vinavyoingia. `%1` inaweza kuja na nukuu au bila. `%~1` huzivua kama zipo. Ukiandika `"%~1"` una uhakika wa jozi moja kamili.

Mabano sasa. Chukua mstari huu:

```
if exist C:\Vifaa (
  set PATH=%PATH%;C:\Vifaa
)
```

PATH ya kompyuta nyingi ina `C:\Program Files (x86)` ndani yake. cmd inabadilisha `%PATH%` kwanza, kisha inakutana na `)` ya x86 na kudhani sharti limeisha hapo. Kinachofuata, labda `\Microsoft`, hakina maana, na unaambiwa `\Microsoft was unexpected at this time.` Tibu kwa `set "PATH=%PATH%;C:\Vifaa"`. Ikiendelea kugoma, ichapishe PATH uitazame. Huenda kuna mtu alishaingiza nukuu ndani yake.

Mtego wa `%~dp0` umenila saa nyingi. Hiyo ni folda ya skripti yenyewe, na daima huishia na `\`. Ukiandika:

```
robocopy "%~dp0" "E:\Nakala"
```

cmd haina tatizo, lakini robocopy inaona `\"` na kuisoma kama nukuu ya kawaida iliyomo ndani ya jina, si mwisho wa jina. Kigezo cha kwanza kinameza cha pili. Hapo ndipo unapowaona wale wasomaji wawili wakitofautiana waziwazi. Ongeza nukta tu: `"%~dp0."`. Nukta ni folda ileile, na nukuu inafunga inavyopaswa.

Kisha kuna kanuni ya `cmd /c`, ambayo pia inaigusa `for /f` kwa sababu ndani yake huita `cmd /c`. Ukiweka nukuu kwenye jina la programu peke yake, inafanya kazi. Ukiongeza kigezo cha pili chenye nukuu, inavunjika ghafla na `'C:\Program' is not recognized` inarudi. cmd ikikuta nukuu zaidi ya mbili huvua ya kwanza kabisa na ya mwisho kabisa. Basi ipe jozi ya ziada ya kuvua:

```
cmd /c ""C:\Program Files\7-Zip\7z.exe" l "E:\Nakala\ankara.zip""
```

Ndani ya `for /f`, nukuu hizo za nje zitangulizwe kofia:

```
for /f "delims=" %%L in ('^""C:\Program Files\7-Zip\7z.exe" l "E:\Nakala\ankara.zip"^"') do echo %%L
```

Ni mbaya kutazama, lakini ndiyo iliyo sahihi.

Mengine kwa ufupi. `start` huchukua kitu cha kwanza chenye nukuu kuwa kichwa cha dirisha, hivyo andika `start "" "C:\..."`. Asilimia ndani ya skripti huandikwa `%%`. Kwenye dirisha ni moja, na ukiiga `for %%F` moja kwa moja kwenye dirisha utaambiwa `%%F was unexpected at this time.` `EnableDelayedExpansion` (inayoruhusu vigeu kuandikwa kama `!ORODHA!`) ikiwa imewashwa, alama ya mshangao kwenye jina la faili inamezwa, kwa hiyo iwashe pale tu unapoihitaji. Na ukiita skripti ya .bat kwa vigezo, kumbuka kwamba koma, nukta mkato na `=` nazo hukata vigezo kama nafasi.

Ukishindwa kujua cmd inaipelekea programu nini, ibadilishe programu hiyo kwa muda na skripti hii, iite `onyesha.bat`:

```
@echo off
setlocal DisableDelayedExpansion
:rudia
if "%~1"=="" goto :eof
echo [%1]
shift
goto rudia
```

Weka `call onyesha.bat` mahali pa programu, uache vigezo vilivyobaki vilevile. Kila kigezo kitatokea kwenye mabano yake, na utaona mara moja cmd imekikata wapi.

Hatua ya 7: Jaribu kwa majina magumu kabla ya kukabidhi

Siku hizi sikabidhi skripti kwa mteja kabla haijapita hapa:

```
@echo off
setlocal DisableDelayedExpansion
set "J=%TEMP%\Jaribio (x86) & 100%% kamili!"
md "%J%"
for /l %%N in (1,1,500) do type nul > "%J%\ankara namba %%N.pdf"
```

Folda moja ina nafasi, mabano, `&`, asilimia na alama ya mshangao, na ndani yake mna faili 500. Elekeza skripti yako humo. Ikimaliza, usitosheke na kuona kwamba zip ipo. Endesha `7z l` juu ya zip hiyo na usome mstari wa mwisho: unapaswa kuonyesha faili 500. Yule mhasibu nilimwandikia hesabu hiyo ndani ya skripti yake, na mwishoni nikaweka `pause`, ili dirisha lisijifunge kabla hajaiona namba.